Kengele ya Shimo la Pampu: Boya, Kihisi cha Sakafuni, Ujumbe wa Simu au Pampu ya Akiba?

Nyumba yenye chumba cha chini ya ardhi mara nyingi huwa na shimo kwenye sehemu ya chini kabisa ya sakafu, na ndani ya shimo kuna pampu. Maji ya ardhini huingia shimoni kupitia mabomba yenye matundu yaliyouzunguka msingi, boya linapanda, pampu inawaka, maji yanatupwa nje. Mfumo huu unaweza kufanya kazi miaka bila mtu kuukumbuka, na shida iko hapo hapo: siku pampu inapogoma hakuna anayejua mpaka zulia lilowe.

Kengele ipo kwa ajili ya siku hiyo. Lakini kengele haitoi maji. Inakupa dakika tu, na dakika hizo zina faida endapo kuna mtu wa kuisikia na kuna jambo anaweza kulifanya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni ipi inayolia kwa nguvu, jua maji yako yanapanda kwa kasi gani.

Pima shimo lako kwanza

Tuseme shimo ni la duara, kipenyo sm 45, kina sm 60. Kila sentimita ya maji humo ni karibu lita 1.6 (pampu yenyewe inakula nafasi kidogo, kwa hiyo kiuhalisia ni pungufu ya hapo). Pampu inawaka maji yakifika sm 30 kutoka chini, inazima yakishuka hadi sm 15. Siku ya mvua kubwa shika saa, hesabu muda tangu pampu inapozima mpaka inapowaka tena. Maji yamepanda sm 15, yaani lita 24. Ikiwa zimepita dakika 3, shimo linapokea lita 8 kwa dakika na maji yanapanda sm 5 kila dakika.

Sasa weka kengele kwenye sm 38. Kutoka hapo hadi usawa wa sakafu zimebaki sm 22. Kwa kasi ile una dakika 4 na kitu. Utapata nyongeza kidogo, kwa kuwa maji yakishavuka mdomo wa mabomba ya msingi huanza pia kujaza kokoto zilizo chini ya sakafu, ila usiitegemee. Kama pampu yako huwaka mara moja kila nusu saa, sm 22 hizo hizo zinakupa dakika 44. Hawa ni watu wawili tofauti kabisa, na kengele inayomtosha wa pili inaweza isimsaidie kitu wa kwanza.

Kipimo hiki kina mtego mmoja. Vali ya njia moja iliyo juu ya pampu ikichoka, maji yaliyobaki kwenye bomba hurudi shimoni kila pampu inapozima. Bomba la kipenyo sm 4 lenye urefu wa mita 3 linabeba karibu lita 3.8, na hizo zinapandisha maji zaidi ya sm 2 papo hapo. Ukiona maji yanaruka ghafla mara tu pampu inaponyamaza, badilisha vali kwanza, kisha pima upya.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila chaguo hapa chini limepimwa kwa mambo yale yale: linahisi nini na wakati gani, linatumia umeme upi, taarifa inamfikia nani, huharibika vipi, na kazi ya kulifunga na kulitunza. Bei hatukuigusa, kwa sababu inabadilika sana, ila mpangilio kutoka rahisi kwenda ghali ni huu huu uliotumika hapa, isipokuwa kihisi cha sakafuni ambacho mara nyingi ni rahisi kuliko boya.

1. Kengele ya boya

*Inahisi nini.* Kiwango cha maji ndani ya shimo, kabla hayajafika sakafuni. Boya likielea kupita pale ulipolifunga, swichi iliyo ndani yake inafunga saketi na king'ora kinalia. Mahali pake ni sm 5 hadi 8 juu ya kiwango ambacho pampu huwaka. Ukilishusha zaidi ya hapo, litalia kila maji yanapopanda haraka kidogo kuliko pampu, na baada ya wiki mbili mtu ataling'oa betri. Ukilipandisha mno unapoteza dakika ambazo ndizo ulizozinunua.

*Umeme.* Nyingi hutumia betri ya volti 9. Nyingine zina plagi na betri ya akiba, na hizo ni nzuri. Za kukwepa ni zile za plagi tupu, hasa ukizichomeka kwenye soketi moja na pampu: breka ikikatika, pampu na kengele vinakufa pamoja, kimya kimya.

*Nani atasikia.* Aliyeko nyumbani tu, na hata huyo si lazima. Bonyeza kitufe cha kujaribia, funga mlango wa chumba cha chini, panda chumbani mnakolala na sikiliza. Aina zenye kisanduku tofauti cha king'ora huruhusu kuvuta waya mwembamba hadi juu ya ngazi, na kazi hiyo ya nusu saa inaokoa mengi.

*Inaharibika vipi.* Boya linakwama. Hili linatokea zaidi ya mengine yote. Linaegemea ukuta wa shimo, waya wake unajizungusha kwenye waya wa pampu, au utelezi mwekundu wa bakteria wa chuma unaligandisha. Mara chache plastiki hupasuka, maji yanaingia ndani, na boya linakuwa jiwe. Tofauti na boya la pampu, hili halisogei kwa miezi, kwa hiyo hakuna kinacholisafisha.

*Kufunga na kutunza.* Lifunge kwenye bomba la kutolea maji kwa kibano au tai za plastiki, upande ulio kinyume na boya la pampu. Kama ni boya linaloning'inia, acha waya wa kutosha ili liweze kupinduka, kisha lizungushe kwa mkono na uhakikishe haligusi ukuta popote. Shimo likiwa jembamba, chagua boya la wima linalopanda na kushuka kwenye fimbo yake.

Kulijaribu kwa kuliinua na kidole ni bora kuliko kutojaribu, lakini hakukuonyeshi kama limefungwa mahali sahihi. Ngoja pampu izime, chomoa plagi yake, mwaga ndoo mbili za lita 20. Kwa shimo letu la mfano maji yatatoka sm 15 hadi kama sm 40, na kengele inapaswa kulia kabla ndoo ya pili haijaisha. Rudisha plagi hapo hapo na uione pampu ikiyatoa maji hayo. Plagi iliyosahaulika baada ya jaribio ni chanzo cha mafuriko kinachojulikana vizuri na mafundi.

Inamfaa mwenye nyumba isiyokaa tupu, ambaye maji yake yanapanda polepole kiasi cha kumpa nafasi ya kushuka ngazi na kufanya jambo.

2. Kihisi cha sakafuni

*Kinahisi nini.* Maji yaliyokwisha kufika sakafuni. Ni kisanduku kidogo chenye vipande viwili vya chuma kwa chini. Milimita moja au mbili za maji zikiviunganisha, kinalia. Kwa mafuriko ya shimo kinakuja kimechelewa, na hilo lisemwe wazi. Lakini kinakamata kitu ambacho boya halitakiona kamwe: hita ya maji iliyotoboka, mpira wa mashine ya kufulia uliopasuka, ukuta unaovuja upande wa pili wa chumba.

*Umeme.* Betri ndogo inayodumu mwaka au zaidi. Hakitegemei soketi yoyote.

*Nani atasikia.* Sauti yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya king'ora cha boya. Aina nyingine huwasiliana na kituo kilichopo juu, na zinabeba faida na kasoro za chaguo la tatu.

*Kinaharibika vipi.* Vyuma hushika kutu au chumvi nyeupe inayobaki maji yakikauka. Unyevu unaoganda sakafuni wakati wa joto unaweza kukipigisha kelele bure. Na kosa kubwa ni mahali kilipowekwa: sakafu nyingi si tambarare, na kihisi kilichokaa kwenye mgongo wa sakafu kitalia chumba kizima kikiwa kimeshalowa. Mwaga kikombe cha maji uone yanakimbilia wapi, kiweke hapo.

*Kufunga na kutunza.* Hakuna cha kufunga. Kiguse na kitambaa chenye maji kila miezi mitatu, futa vyuma kwa kitambaa kikavu.

Kinamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa shimo, na mtu yeyote kama nyongeza ya boya. Peke yake kinatosha tu pale ambapo shimo halijawahi kuwa tatizo na hofu ni mabomba.

3. Kengele inayotuma ujumbe kwenye simu

*Inahisi nini.* Ndani kuna boya au kihisi kama vile vya juu. Tofauti ni njia ya taarifa. Baadhi huenda mbali zaidi: zinapima mkondo wa umeme wa pampu na kukuambia imewaka mara ngapi. Hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana kwenye maelezo ya sanduku, maana pampu iliyokuwa ikiwaka mara 10 kwa siku na sasa inawaka mara 40 bila mvua inakuonya wiki kadhaa kabla ya kufa.

*Umeme.* Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa na betri, lakini kikitumia Wi-Fi kinahitaji ruta, na ruta inahitaji umeme. Dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Kama ruta haina betri ya akiba, ujumbe hautoki. Vifaa vya laini ya simu haviitegemei ruta, ila huwa na ada ya kila mwezi au mwaka.

*Inamfikia nani.* Yeyote mwenye simu, popote. Weka namba zaidi ya moja, na mmoja wao awe mtu mwenye ufunguo anayekaa karibu. Ujumbe unaokufikia ukiwa safarini kilomita 300 bila mtu wa kumtuma ni habari mbaya tu.

*Inaharibika vipi.* Zege na udongo hula mawimbi. Kifaa kinaunganishwa vizuri siku ya kwanza kikiwa mezani, kisha kinapoteza mtandao kikishushwa chini. Vingi hukubali masafa ya GHz 2.4 peke yake, kwa hiyo angalia ruta yako haijayazima. Nywila ya Wi-Fi ikibadilishwa, kifaa kinabaki nje na hakilalamiki. Ndiyo maana sifa ya kuulizia kabla ya kununua ni hii: je, kikipoteza mawasiliano, huduma itakutumia taarifa kwamba kimepotea? Kama jibu ni hapana, ukimya wake hauna maana yoyote. Halafu kuna simu yenyewe, iliyowekwa isilie usiku. Ipe programu hiyo ruhusa ya kupita.

*Kufunga na kutunza.* Kama boya, pamoja na jaribio moja la ziada: zima umeme wa nyumba yote kwenye swichi kuu, inua boya, subiri ujumbe. Ukifika, mfumo umekamilika. Usipofika, umejua sasa hivi kuliko usiku wa mvua.

Inamfaa anayesafiri, mwenye nyumba ya wikendi, mwenye nyumba ya kupangisha, na asiyesikia vizuri anayeweza kutegemea mtetemo wa simu. Anayekaa nyumbani muda wote hapotezi kitu kwa kuwa nayo, lakini haimwongezei mengi juu ya king'ora kinachosikika.

4. Pampu ya akiba yenye betri na kengele yake

Hili si kengele tu. Limo kwenye orodha kwa sababu mtu mwenye dakika 4 anahitaji kitu kinachofanya kazi bila yeye.

*Inahisi nini.* Ina boya lake, sm chache juu ya kiwango cha pampu kuu. Kwa mfano wetu sm 35. Maji yakilifikia, pampu ya pili inawaka na kengele inalia pamoja nayo. Kisanduku cha kuchajia pia hulia betri ikiwa imeshuka, umeme umekatika au waya umelegea.

*Umeme.* Betri ya volti 12. Hesabu yake ni nyepesi: betri ya Ah 75 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) na pampu inayokula ampea 15 ni saa 5 za kufululiza kwenye karatasi, na pungufu ya hapo kiuhalisia, kwa kuwa betri ya asidi hutoa kidogo inapovutwa kwa nguvu. Lakini pampu haifululizi. Ikiwa inatoa lita 60 kwa dakika na shimo linapokea 8, inafanya kazi chini ya dakika 1 katika kila 7, na betri hiyo hiyo inaweza kuvuka siku nzima. Nunua betri iliyotengenezwa kuvumilia kuchotwa hadi chini. Betri ya gari imetengenezwa kwa mkupuo mfupi wa kuwasha injini, na ukiichota kabisa mara chache inakufa.

*Nani atasikia.* Wa nyumbani, kama boya. Baadhi zina kiunganishi cha kutuma ujumbe.

*Inaharibika vipi.* Betri. Karibu kila mara ni betri, iliyofungwa na kusahauliwa miaka sita wakati maisha yake ni 3 hadi 5. Vichwa hushika unga wa kijani na mweupe, maji ndani yake hukauka. Kosa la pili ni kuunganisha pampu zote mbili kwenye bomba moja bila kila moja kuwa na vali yake ya njia moja: ya akiba inasukuma maji, yanapita kwenye pampu kuu na kurudi shimoni, nayo inazunguka hivyo mpaka betri inaisha.

*Kufunga na kutunza.* Kazi ya fundi bomba, au ya mtu aliyezoea kuunganisha mabomba. Betri ya asidi ya kufunguliwa hutoa haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo sanduku lake liwe na matundu na likae mbali na moto wa boila. Ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke kila miezi michache. Betri iliyozibwa haihitaji hilo.

Inamfaa mwenye maji yanayopanda kwa kasi, anayekatikiwa umeme mara kwa mara, au mwenye vitu vya thamani chini. Kwa shimo linalokaa kavu sehemu kubwa ya mwaka ni mzigo wa matunzo usio na sababu.

Ikilia, inasema nini

Kengele zote nne zinakupeleka kwenye shimo lile lile, kwa hiyo jua cha kutazama. Kwanza tazama sakafu ukiwa ngazini: maji yakiwa yamefika kwenye soketi au kwenye nyaya, usiyakanyage, na breka usiiguse kama haifikiki ukiwa mahali pakavu.

Pampu iko kimya: angalia breka na kinga ya uvujaji wa umeme, kisha plagi. Pampu nyingi zina plagi mbili zilizopandana, ya boya ukutani na ya pampu nyuma yake. Chomoa zote mbili na uchomeke ya pampu moja kwa moja ukutani. Ikiwaka, boya ndilo limekufa, na unaweza kuiendesha hivyo kwa mkono ukisimama hapo, usiiache ikauke. Isipowaka na soketi ina umeme, pampu yenyewe imekwisha.

Pampu inanguruma lakini maji hayapungui: gurudumu la ndani limekwama kwa kokoto, bomba la nje limeziba au limeganda barafu, au pampu imejaa hewa. Hewa huzuiwa na tundu la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba, chini ya vali ya njia moja. Ukiona linarusha maji kidogo pampu ikifanya kazi, ni sawa, ndivyo linavyotakiwa.

Pampu inatoa maji kwa nguvu na bado yanapanda: yanaingia mengi kuliko uwezo wake. Toka nje uangalie bomba linamwaga wapi. Likimwaga mita moja kutoka ukutani, maji hayo hayo yanazunguka na kurudi.

Chagua kwa hali yako

Unakaa nyumbani, umeme ni wa uhakika, pampu huwaka mara chache: boya la betri lenye king'ora kilichovutwa hadi juu, na kihisi kimoja karibu na hita ya maji.

Nyumba hukaa tupu siku kadhaa: kengele ya ujumbe. Kama umeme hukatika na hutaki kuweka betri ya akiba kwenye ruta, nenda kwenye ya laini ya simu. Kabla ya yote, tafuta jirani wa kushika ufunguo.

Kipimo chako kimetoa chini ya dakika 10 kutoka kengele hadi sakafu: pampu ya akiba, na juu yake boya la kengele lenye betri yake, sm 3 hadi 5 juu ya boya la akiba. Mfumo mmoja ukifa, wa pili hauna habari nao.

Umeme hukatika lakini maji hupanda polepole: hapa kuna njia mbili za haki. Pampu ya akiba inakuacha ulale. Boya pamoja na jenereta ndogo iliyojaribiwa na yenye mafuta inagharimu matunzo kidogo, lakini inamtaka mtu aamke, na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu ya moshi wake wenye sumu.

Wewe ni mpangaji: vihisi viwili vya sakafuni, kimoja kando ya shimo na kimoja kwenye bonde la sakafu, na umwombe mwenye nyumba boya.

Tayari una kengele na inalia kila mvua ikinyesha huku pampu ikifanya kazi: usinunue nyingine. Kagua urefu wa boya, vali ya njia moja, na umbali wa bomba la nje. Vikiwa sawa vyote vitatu, pampu yako ni ndogo kuliko maji yako, na pesa iende huko.